Waya wa Seva ya Tatu

Ghalib aliuvuta waya wa umeme wa seva ya tatu, taa yake ya kijani ikazimika, naye akasimama kusubiri kilio.

Kilio hakikuja. Ukutani, skrini kubwa ya chumba cha kompyuta iliendelea kuonyesha maktaba ya shule kana kwamba hapakuwa na aliyekufa. Kutoka bwaloni, ambako bweni zima lilikuwa likipigania chakula cha mchana, zilisikika sahani tu. Kisasi gani hiki kisicho na hata matanga? Alifunga mlango wa kabati la seva, akatoka kwa hasira.

Tumpe haki yake: sababu alikuwa nayo. Muhula uliopita yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, cheo kikubwa kuliko vyote duniani ukiondoa cha kugawa nyama. Ndipo akatokea Winfred wa Kisauni. Aliomba seva tatu zilizotupwa na ofisi moja ya mizigo hapa Changamwe, akaziunganisha zikawa kitu kimoja kwa programu huria, ile isiyo na bei na ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza.

"Wallahi, takataka hizi zikiwaka," Ghalib alitangaza mbele ya wote, "nitafua soksi za klabu nzima."

Ziliwaka. Soksi alizifua. Kisha Mwalimu Munga, mlezi wa klabu, akampa Winfred kiti cha mwenyekiti.

Na sasa kiti hicho kilikuwa kimepanda thamani. Ijumaa wangekuja wageni wa kampuni moja ya Nyali, na mwenyekiti ndiye watakayemchukua kwa mafunzo ya likizo.

Alasiri klabu ilipokutana, Winfred aliikodolea macho skrini yake ya kusimamia seva kitambo, kisha akageuka.

"Ghalib, mchana hukuonekana bwaloni. Na leo maharagwe yalikuwa ya nazi!"

"Tumbo lilinisumbua."

"Pole, ndugu yangu. Limetulia?"

"Limetulia."

Winfred akaanza somo. Ndani ya seva hizi, aliwaeleza wanachama wapya, zinaishi mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili: moja ya maktaba, nyingine ya matokeo ya mitihani. Zimo na kontena, yaani visanduku vinavyobeba programu za klabu. "Si zile za bandarini. Hizi hazimvunji mtu mgongo." Kila seva huwawekea wenzake nakala ya mali yao. Moja ikizirai, mbili hubeba kazi yake, na mtumiaji hatambui lolote.

"Na zikizirai mbili?" aliuliza Ghalib, mpole kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Hapo iliyobaki hugoma. Haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au ni yenyewe iliyotengwa. Kila kitu kinasimama." Winfred alimtazama. "Ndiyo maana mbele ya wageni, ili waone maktaba haizimiki, utavutwa waya wa seva moja tu."

Ghalib nusura apige kigelegele. Moja ilikuwa imekwisha kufa kabatini! Winfred atavuta ya pili mbele ya watu wazima wenye tai, na maktaba, matokeo na jina lake vitazimika pamoja. Hakika, kisasi kitamu ni kile ambacho adui hujifanyia kwa mkono wake. Kazi yake Ghalib ilikuwa kunyamaza tu. Alinyamaza mpaka walimu wakadhani ameokoka utundu.

Ijumaa alikaa safu ya mbele, shati limepigwa pasi hata lingeweza kukata mkate. Wageni waliketi. Maktaba iling'aa ukutani. Winfred alisimama kando ya kabati, akakohoa kidogo.

"Wageni wetu, na Mwalimu wangu, kabla ya kuvuta waya nina neno. Kiti hiki kilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Namrudishia. Kuanzia sasa hivi mwenyekiti ni Ghalib, na seva hizi, pamoja na lolote litakalozipata, ni dhamana yake."

Mwalimu Munga alifuta macho, akatikisa kichwa kukubali. Mama mmoja wa Nyali aliuliza jina hilo linaandikwaje. Makofi yalirindima.

Ghalib alitembea kwenda mbele kama bwana harusi. Kisasi? Neno lenyewe alikuwa amelisahau. Alinyoosha mkono apokee pongezi, na Winfred akamwekea kiganjani waya wa seva ya pili. Wageni wakainama mbele kwenye viti vyao.

"Ya tatu uliivuta peke yako, ndugu yangu," alimnong'oneza, huku akiwatabasamia wageni. "Hii ivute sote tukikuona."