Firimbi ya Mgomo

Niliposikia jina langu, nilikwenda kwanza mferejini kunawa. Barua ya ajira ya kudumu haipokewi kwa mikono michafu.

Nasambu, mwakilishi wetu wa chama, alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda akiita majina. Miaka kumi na miwili tumefagia soko la Muthurwa naye kama vibarua, na ni yeye aliyetuongoza kugoma mpaka wakubwa wakakubali. Kila aliyepewa barua alimkumbatia, kisha akaenda kucheza na wenzake, fagio juu.

Niliporudi, Nasambu alinipa barua yangu. "Nishikie orodha, dada, nifute miwani."

Nikaipitia kwa kidole ambacho bado kilikuwa kimelowa, nikitafuta jina lake nimwite kwa vigelegele, kama alivyotuita sisi. Nikafika chini. Nikarudi juu.

"Nasambu, wewe umeandikwa wapi?"

Alivaa miwani taratibu. "Wamesema mimi baadaye. Enda ucheze, bana. Leo ni siku yenu."

Nikaweka barua yangu juu ya orodha, nikamrudishia zote mbili. Kisha nikaitoa mfukoni firimbi ya mgomo, ile niliyowaitia wenzetu tulipogoma, nikaivaa tena shingoni, nikapuliza.