Watu Ndani ya Bakuli

"Huyu mwizi," alisema Bi Mwanakhamis. "Kaiba, anakimbia."

Mjukuu wake Maisara akaitazama karatasi aliyoichora mwenyewe: mtu wa kijani, mguu mbele, mguu nyuma, anaelekea mlangoni. "No, Bibi! Hapa ndipo pa kutokea moto ukiwaka."

"Mie nitajuaje?"

Alijua. Mtu yule yule yupo juu ya mlango wa zahanati ya mtaa wao, hapo Nechells, huku ughaibuni. Kila akienda kupimwa presha anamwona.

Mwanzo hakudanganya. Maisara alikuwa akisomea uchoraji chuoni, na mwalimu wao akiwasifia sana Wajapani: huchora alama, mgeni asiyejua hata herufi yao moja akafika chooni bila ya kuuliza. Kila mwanafunzi akaambiwa achore kwa mtindo ule, kisha akamwonyeshe mtu asiyesoma Kiingereza. Asipofahamu, rudia. Maisara akaja na alama ya Kijapani yenyewe: kama bakuli, mistari mitatu ya mvuke inapanda juu.

"Supu ya moto," akasema Bi Mwanakhamis kwa moyo safi.

Kumbe ni mahali pa kuogea maji ya moto yanayotoka ardhini. Jumamosi ya pili msichana akarudi, katia watu watatu mle ndani.

"Astaghfirullah! Sasa mnapika watu?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Kabla ya hapo Maisara alikuwa haji ila Idi, anakaa ncha ya kiti na simu yake, Kiswahili kinampiga chenga. Tangu siku ile, mwaka na zaidi sasa, haikumpita Jumamosi. Ndipo bibi alipoanza kukosea makusudi.

Lakini leo moyo ulimsuta. Mtoto katoka kwao Perry Barr, upande wa pili wa mji, na mvua yote hii, mabasi mawili, mikono imejaa ndizi na samaki wa bibi yake. Hata mkoba wa masomo hakubeba, karatasi kazikunja mfukoni. Kadi inaning'inia shingoni, macho mekundu kwa uchovu.

"Mwalimu wako anasemaje?" akauliza.

Maisara akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Anasema... bado. Tuendelee."

Bado! Mtoto ataanguka mtihani, na anayemwangusha ni bibi yake mzaa baba.

"Lete zote," akasema. Akazitandaza mezani, kidole kikienda moja baada ya moja. "Huyu anatoka, moto unawaka. Hapa choo cha wanawake. Hapa usivute sigara. Hapa mpishe mja mzito akae. Nilikuwa nazijua zote, mwanangu. Nikikudanganya ili urudi. Kamwambie mwalimu, asikufelishe kwa sababu yangu. Nisamehe."

Maisara hakufurahi. Aliinamisha kichwa, akaichezea ile kadi shingoni.

"Bibi," alisema polepole, kwa Kiswahili kitupu, "chuo nilimaliza mwaka jana. Kadi hii ya kazini."

Akavuta kalamu, akamchorea mtu wa kijani mkia mrefu. "Haya. Na huyu nani?"