Springi za Pikapu Bovu

Fundi alilala chali chini ya gari lake kuukuu la safari za porini, kwenye mteremko, akichekelea peke yake. Springi alizozifungua kwenye pikapu bovu na kuzifunga hapa zilikuwa zimeliinua gari lake mpaka likapendeza, tena kwa bei ya kutupa.

"Baba watoto, mguu umekufa ganzi kwa kukanyaga hii breki!" mkewe alilalamika kwenye usukani. Breki ya mkono iliharibika zamani.

"Vumilia kidogo, mama. Nakagua tu."

Jiwe lililozuia gurudumu lilikuwa likimchoma begani. Akalisukumia mtaroni, kando ya njia.

Gurudumu la upande wa pili lilining'inia juu ya mtaro, na hapo ndipo alipouona mpira unaopeleka mafuta ya breki. Gari lilikuwa limepanda juu, mpira umebaki na urefu wake wa zamani. Ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Alipofunga springi aliambiwa anunue mipira mirefu, akajibu kwamba hii bado mizima.

Tone likajikusanya kwenye kiungio, likanenepa, likamdondokea mdomoni. Chungu.

La pili likafuata upesi. La tatu halikuwa tone tena.

"Baba watoto," mkewe aliita, sasa kwa sauti ndogo. "Mbona pedali inazama?"