Kitanda cha Mbegu

Sheria haikuruhusu kiumbe chochote kitoweke duniani. Kwa hiyo Mkude aliponunua haki ya kuua kunguni Kihonda nzima kwa jina la kampuni ya dawa za wadudu, alipewa sare, bomba la dawa, na kitanda cha kamba kilichojaa kunguni, ambacho mmoja wa nyumba yake alipaswa kukilalia daima. Mama yake alijitolea.

"Damu yenyewe ya kizee hii, waache wale," alisema, akalala humo miaka sita.

Alipozikwa, majirani, ambao hawakujua lolote, walifanya kama wafanyavyo msibani: wakasafisha chumba cha marehemu na kumwagia kitanda maji ya moto hadi kwenye mafundo ya kamba. Mkude akawashukuru, maana angesema nini?

Kesho yake mkaguzi wa kampuni alikikuta kitanda hakina hata kunguni mmoja, akatoa kikopo cha mbegu mpya.

"Hawa bado wachanga, bwana. Ngozi ngumu hawaiwezi." Akachungulia uani. "Yule binti anayeruka kamba ni wako?"

"Wa jirani," Mkude alijibu upesi.

Binti akaacha kuruka, akaja mlangoni akihema.

"Baba, mama anauliza, mgeni atakunywa chai?"