Sauti ya Saa Kumi

Kengele ya mashine ya kupumulia ilipolia, muuguzi Asma alikuwa ameshafika kitandani. Leonce alikuwa anapigana nayo tena. Mashine inasukuma hewa ndani, yeye anataka kuitoa; kifua kinaruka, vidole vinavuta shuka.

Leonce alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Lori lilipinduka njia ya Namtumbo, akaletwa hospitali ya Songea hajitambui, uso umevimba hautambuliki. Bomba la hewa lilipitishwa kooni. Jina lake walilipata kwenye leseni.

"Zamani tungekuja kujua mapafu yameshaumia," alisema Daktari Mathias. Alikuwa amehamishiwa hapo pamoja na programu mpya iliyofungwa kwenye mashine. Programu hiyo ilifuatilia kila pumzi na kuchora mistari miwili kwenye kioo, mmoja wa mgonjwa, mwingine wa mashine. Mistari ikianza kupishana, inatoa onyo kabla presha ya hewa haijafika pabaya.

"Tumwongezee dawa ya usingizi?" Asma aliuliza.

"Tukimwongezea, atazidi kuchelewa kutoka kwenye mashine. Ngoja kidogo."

Mlango ukafunguliwa. Ilikuwa saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, na mama Dorine wa mtaa wa Lizaboni aliingia kama kawaida yake. Mlinzi hakumuuliza kitu. Alinawa mikono, akavaa barakoa bila kuelekezwa, akavuta kiti upande wa dirishani. Hakuna mwingine aliyewahi kuja kumwona Leonce. Siku ya kwanza Asma, naye mgeni kutoka Tunduru, alimuuliza, "Mama, wewe ndiye mkewe?" Dorine aliinamisha kichwa tu, akaushika mkono wa mgonjwa. Asma hakurudia swali.

"Nimevuna yale mahindi ya nyuma ya nyumba," Dorine alianza, taratibu. "Bati la jikoni bado linavuja. Na paka amegoma, analala kwenye kiti chako tu."

Kengele ikanyamaza.

Mathias akakisogelea kioo. Mistari miwili ilikuwa inapanda na kushuka pamoja. "Mama, endelea kuongea," alisema. "Anakusikia."

Dorine alikitazama kile kioo. "Hiki ni kipya?"

"Kimefungwa mwezi uliopita."

Aliendelea kukitazama mpaka mistari ikaanza kuachana. Ndipo akaendelea kuongea.

Tangu hapo aliruhusiwa kukaa mpaka jioni. Yeye anaongea, Mathias anapunguza msaada wa mashine kidogo kidogo. Programu ikionya, anarudi nyuma, kesho wanajaribu tena. Asma, aliyekula peke yake kila siku katika chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, alijikuta anazisubiri habari za bati na paka. Nikiugua mimi, aliwaza, nani atakuja kuniongelesha hivi?

Hatimaye bomba likatolewa. Leonce alikohoa mpaka machozi, kisha akapumua mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Alikuwa kijana zaidi kuliko Asma alivyodhani. Asma alimngojea Dorine mlangoni, akamshika mkono.

"Mama, njoo uone!"

Dorine alisimama mbele ya kitanda, barakoa mkononi. Leonce alimtazama usoni kwa muda, akimtafuta. Sauti yake ilitoka imekwaruzika.

"Shikamoo, mama," alisema. "Sauti yako naijua. Ila wewe sikufahamu."

Asma aliuachia mkono wa Dorine.

"Marahaba, mwanangu," Dorine alijibu. "Hapo ulipolala ndipo alipofia mume wangu. Tulimzika kabla ya Pasaka, na nyumbani sina tena wa kuongea naye."