Kitufe cha Wilondja

Wilondja alibonyeza kitufe chake mara ya pili, na kompyuta haikufanya kitu.

Kawira, mwalimu wa darasa la programu katika kanisa la Seven Hills, alielewa papo hapo. Asubuhi alikuwa amekuta njia za mkato za kompyuta ile zimebadilishwa: kazi zinazohitaji vitufe vitatu kubonyezwa kwa pamoja, kila moja imehamishiwa kwenye kitufe kimoja. Akadhani ni utundu wa watoto wa sande skuli. Akazifuta zote.

"Mwalimu, unisamehe," alisema Wilondja. "Pengine sibonyezi vizuri. Hivi vidole havisikii kitu tangu ile ajali ya kazini. Ndiyo maana nilijiwekea kitufe kimoja kimoja."

Alibonyeza tena, akiegemea kwa bega zima, mpaka ukucha ukapauka. Wenzake waligeuka kutazama. Mmoja alicheka chinichini.

Kawira alifungua mdomo. Tangu darasa lianze alikuwa akiwaonya wasiguse kompyuta ya mwenzao bila kumuuliza.

"Ongeza nguvu kidogo," alisema.

Wilondja akaongeza.