Sindano ya Vifungo

Fundi cherehani alikwenda kwenye vipimo vya bure vya serikali ili mkewe aache kumpigia kelele tu. Muuguzi alipomwambia avue viatu, akatania, "Mwanangu, sukari siku hizi inapimwa miguuni?"

Muuguzi hakucheka. Alichomoa kitu kisiginoni, akakiinua kwenye mwanga. Ilikuwa sindano ya kushonea vifungo, imeshika kutu. Ndiyo ile ile aliyomgombeza mkewe wiki nzima kwamba ameipoteza.

"Hukusikia maumivu, baba?"

"Sisi mafundi tumezoea kuchomwa."

"Haya, fumba macho. Nikikugusa mguu, sema."

Akafumba, akatulia, akasubiri.

"Anza basi, mwanangu, wateja wananingoja."

"Nimeshamaliza, baba. Yote miwili."